Bakteria wa tumboni: maswali yanayotufikia dirishani kila siku

Dirisha la maabara yetu lina kitundu cha ukubwa wa sahani. Hapo hupita makopo ya choo, karatasi za majibu na maswali. Nimekaa nyuma ya kitundu hicho miaka mingi, mpaka mtu akiinama tu najua anachotaka kuuliza. Wengi huniita dokta. Mimi si daktari, ni mtu wa maabara, kwa hiyo dawa utaandikiwa na aliyesomea kuandika. Ila hapa hakuna foleni inayonisukuma, basi nitajibu kwa urefu ambao dirishani siupati.

Kwani hata nisipoumwa nina bakteria tumboni?

Unao, tena wengi. Mtu mzima wa kilo 70 anakadiriwa kuwa na bakteria trilioni 38, karibu wote wakiwa kwenye utumbo mpana. Seli zake mwenyewe ni kama trilioni 30. Wapangaji wamemzidi mwenye nyumba.

Lakini ni wapangaji wanaolipa kodi. Wanachachusha makapi ya maharage na mboga ambayo sisi yametushinda kusaga (ule upepo wa baada ya maharage ni jasho lao), wanatengeneza vitamini K inayosaidia damu kuganda, na wanakalia nafasi ambazo zingekaliwa na wabaya. Mmoja wao ni Escherichia coli, tunayemwita kwa kifupi E. coli. Daktari wa watoto Theodor Escherich ndiye aliyemwelezea kwanza, mwaka 1885, akichunguza vinyesi vya watoto wachanga kule Munich. Kwa hiyo ukiona E. coli kwenye karatasi ya kipimo cha choo, usizimie. La kuuliza ni mambo mawili: ni E. coli wa aina gani, na amekutwa wapi.

Sasa kama ni wenyeji wetu, ugonjwa unatoka wapi?

Mara nyingine mwenyeji anahama. E. coli aliyekuwa na adabu zake utumbani akivuka hadi kwenye njia ya mkojo anakuwa balaa. Wengi wa wanaopata UTI ya kweli wamepata kutoka kwake. Mwanamke anaumia zaidi kwa sababu kwake njia ya haja kubwa na ya mkojo zimekaribiana, na njia yenyewe ya mkojo ni fupi. Ndiyo maana mabinti hufundishwa kujisafisha kutoka mbele kwenda nyuma. Bibi zetu walikuwa sahihi kabisa hapa, hata kama hawakuwahi kuona hadubini.

Mara nyingine mtu ametumia antibiotiki nzito, wapangaji wazuri wakafa kwa wingi, na vyumba vikabaki wazi. Yupo anayeitwa Clostridioides difficile anayesubiri nafasi kama hiyo. Huwapata zaidi wazee na waliolazwa, na huleta kuharisha kukali baada ya dawa, wakati mgonjwa anategemea nafuu.

Ila wengi wanaokuja dirishani wamepata mgeni: bakteria ambaye hakuwamo, akaingia kwa mdomo. Na kila mgeni ana tabia yake.

Yule wa kipindupindu hatoboi wala hachubui chochote. Anajibandika kwenye ukuta wa utumbo mwembamba na kumwaga sumu inayofungulia bomba: chumvi inatoka kwenye seli kwenda ndani ya utumbo, maji yanaifuata, na hakuna wa kufunga. Mtu mzima anaweza kupoteza lita nzima kwa saa moja. Choo kinakuwa kama maji ya kuoshea mchele, hakinuki kinyesi tena. Zipo aina za E. coli zenye sumu inayofanya kazi kwa mtindo huohuo, kwa upole zaidi, na hizo huwakamata sana watoto na watalii.

Shigella ni mchimbaji. Anaingia ndani ya ukuta wa utumbo mpana, anaua seli, na unapata choo kidogokidogo chenye makamasi na damu, pamoja na msokoto wa tumbo unaomfanya mtu asitoke chooni. Campylobacter na baadhi ya Salmonella wana tabia za karibu na hizo.

Salmonella Typhi, wa homa ya matumbo, ni msafiri. Anavuka ukuta wa utumbo, anabebwa ndani ya askari haohao wa mwili waliotumwa kumkamata, na anakwenda kukaa kwenye ini, bandama na uboho. Kwa hiyo taifodi hasa ni ugonjwa wa damu na homa, si wa kuharisha. Wagonjwa wengine hata hufunga choo. Asipotibiwa, kufikia wiki ya tatu utumbo unaweza kutoboka, na hapo ni upasuaji wa dharura.

Wanaingiaje? Mimi ni msafi.

Samahani kwa lugha, lakini hakuna namna nzuri ya kulisema: umekula kinyesi cha mtu, au cha mnyama. Kidogo mno, usichokiona. Kimekuja na vidole vya aliyekupikia, na miguu ya nzi, na maji, na kijiko kilichooshwa kwenye ndoo ileile tangu asubuhi.

Kiasi kinachotosha kukuangusha kinatofautiana. Shigella anahitaji kati ya 10 na 100 tu, ndiyo maana nyumba moja yenye mtoto anayehara damu inaangukiana kama dhumna. Wa kipindupindu huhitajika wengi zaidi kwa sababu tindikali ya tumbo la chakula inawaua. Na hapa kuna jambo ambalo watu hawaambiwi: ukitumia vidonge vya kupunguza asidi kila siku, kama omeprazole, umemwondoa mlinzi wa getini. Sisemi uviache kama umeandikiwa. Nasema usivinunue kama pipi.

Tunanawa mikono wote kabla ya kula. Hiyo haitoshi?

Tuangalie mnavyonawa. Msibani au harusini, watu wanane wamekaa jamvini, linakuja beseni moja la maji ya uvuguvugu. Wa kwanza ananawa maji safi. Wa nane ananawa vidole vya saba waliomtangulia, kisha anaingiza mkono kwenye sinia la pilau. Beseni lile ni kipande cha ukarimu, na ndilo linalowagawia wageni ugonjwa kwa usawa.

Dawa yake tulikuwa nayo tangu zamani: birika. Mtu anamimina, maji yanapita mkononi na kudondokea chini, hayarudi. Ongeza kipande cha sabuni. Sabuni haiui kila kitu, inang'oa mafuta na bakteria waliong'ang'ania humo, maji yakawabeba. Kunawa kwa sabuni kunapunguza magonjwa ya kuhara kwa karibu theluthi, na sijui dawa ya bei hiyo inayofanya kazi hiyo.

Nyakati zinazohesabika hasa ni mbili: ukitoka chooni au kumchambisha mtoto, na kabla ya kushika chakula. Sisi watumiaji wa maji tujihadhari zaidi, maana mkono wa kushoto umefanya kazi yenyewe. Maji matupu baada ya hapo hayatoshi. Na choo cha mtoto mchanga si kitakatifu. Mama wengi wanakishika wakasema "cha malaika hiki", wakaendelea kukanda unga.

Je, ile jeli ya spiriti inatosha?

Ukiwa kwenye daladala, ni afadhali kuliko bure. Lakini haifanyi kazi vizuri kwenye mikono michafu au yenye mafuta, na haiwaui C. difficile wakiwa kwenye ganda lao. Sabuni na maji vikipatikana, hivyo ndivyo.

Maji ya kisima chetu yanang'aa kama kioo. Lazima nichemshe?

Kung'aa hakusemi kitu. Tone moja lenye bakteria maelfu linang'aa vilevile. Uliza kwanza shimo la choo liko umbali gani. Kanuni ya kawaida ni mita 30 au zaidi, na choo kisiwe upande wa juu wa mteremko. Mitaa yetu iliyobanana, ambapo kisima na choo vinasalimiana, nisingekunywa bila kuchemsha.

Kuchemsha: yakishaanza kutokota kwelikweli, dakika moja inatosha. Mtu wa nyanda za juu, mita 2,000 na zaidi, aweke dakika tatu, kwa sababu huko maji huchemka yakiwa na joto pungufu. Hakuna haja ya kumaliza gesi kwa robo saa. Tatizo liko baada ya kuchemsha: maji yanamiminwa kwenye ndoo wazi, kikombe kinazamishwa na mkono hadi kwenye kifundo. Umechemsha bure. Tumia chombo chenye mdomo mwembamba au koki.

Vidonge vya klorini: fuata maandishi ya paketi, maana vipo vya lita 5 na vya lita 20, kisha subiri nusu saa. Maji yenye tope uyachuje kwanza kwa kitambaa, la sivyo uchafu utaila dawa.

Huna kuni wala kidonge? Jaza chupa ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita 2, uilaze juu ya bati juani kwa saa 6. Siku za mawingu, siku 2 mfululizo. Wengi hucheka nikiwaambia. Njia hii ilijaribiwa kwa watoto wa Kimaasai nchini Kenya miaka ya 1990 na kuharisha kukapungua.

Kiporo kinadhuru? Tumekulia.

Hata mimi nimekulia, na chai ya rangi na wali wa jana ni kifungua kinywa ninachokitetea. Tatizo ni jinsi kinavyolala.

Picha ni hii. Wali umeiva saa mbili usiku. Uliobaki unaachwa kwenye sufuria hiyohiyo, kifuniko juu, jikoni kwenye joto la Dar. Ndani ya mchele mkavu hukaa Bacillus cereus akiwa kwenye ganda gumu linalostahimili kuchemka. Wali ukipoa na kubaki vuguvugu, ganda linapasuka, anazaliana usiku kucha na kutoa sumu ya kutapisha. Asubuhi unauchemsha mpaka unafuka moshi. Bakteria wanakufa. Sumu haifi, maana joto la jiko haliiwezi. Saa chache baadaye unatapika, na unamlaumu aliyekuuzia chapati.

Staphylococcus aureus ana mchezo huohuo, naye hutoka kwenye vidole vyenye majeraha na kwenye pua za wapishi. Kutapika ndani ya saa 1 hadi 6 baada ya kula, watu kadhaa kwa pamoja, kwa kawaida ni sumu ya namna hii.

Basi kiporo kieneze kwenye sinia kipoe haraka, kiingie kwenye friji ndani ya saa 2. Huna friji, pika cha kuisha. Chakula hakitakiwi kukaa muda mrefu kati ya nyuzi 5 na 60 za joto, na jikoni kwetu usiku ni nyuzi ishirini na kitu. Mama lishe anayeacha mchuzi ukitokota jikoni mpaka mteja wa mwisho yuko salama kuliko hoteli yenye makontena ya chuma na kibiriti cha spiriti kilichozimika.

Kachumbari nikikamulia ndimu, wadudu wanakufa?

Wengine. Bakteria wa kipindupindu haipendi tindikali na ndimu humdhoofisha, lakini usiifanye ndimu kuwa sabuni. Nyanya na vitunguu vioshwe kwa maji yaliyotibiwa kabla ya kukatwa, na kachumbari ikatwe karibu na kula.

Na usidhani jambo hili ni la uswahilini tu. Mwaka 2011 Ujerumani ilipata mlipuko wa E. coli wa aina mbaya, yule anayetoa sumu inayopiga figo. Zaidi ya watu 3,800 waliugua nchini humo na zaidi ya 50 wakafa. Chanzo kilifuatiliwa hadi kwenye machipukizi ya mbegu zilizotoka Misri. Mbegu gani? Uwatu, huuhuu wa kwenye mbatata na wa mama waliojifungua. Uwatu uliopikwa haukuwa na neno. Waliougua walikula machipukizi mabichi, kwenye saladi.

Kuku wa kuchinja nyumbani lazima aoshwe. Mbona wanasema asioshwe?

Ushauri ule umeandikiwa kuku wa dukani aliyekwisha safishwa, na pale una mantiki: maji ya bomba yanarusha Campylobacter hadi kwenye nyanya za pembeni. Kuku uliyemnyonyoa mwenyewe utamwosha, utafanyaje. Mwoshe kwenye beseni, chini, mbali na vyakula vinavyoliwa vibichi, umwage maji bila kurusha. Kisha ubao na kisu vioshwe kwa sabuni kabla ya kukata kachumbari. Kosa ninaloliona sana ni kisu kimoja kutoka kwa kuku kwenda kwa kitunguu.

Mwanangu anaharisha kwa sababu anaota meno, sivyo?

Hapana. Meno yanaota katika umri uleule ambao mtoto ametambaa, ametia kila kitu mdomoni, ameanza uji, na kinga aliyopewa na mama tumboni imepungua. Jino linashuhudia tu, halijafanya kosa. Na tafadhali, "meno ya plastiki" hayapo. Nimewaona watoto waliong'olewa fizi kwa kisu au spoku ya baiskeli ili kuharisha kukome. Walirudi na kuharisha kwao, na kidonda juu yake.

Maziwa ya mama peke yake, bila maji wala uji, mpaka miezi 6, ndiyo kinga ya kwanza. Kumbuka pia kwamba kuhara kwingi kwa watoto si kwa bakteria, ni virusi, hasa rota. Chanjo yake ya matone ipo kliniki, Tanzania tangu 2013 na Kenya tangu 2014.

Akiharisha, nimpe dawa gani?

Maji yenye chumvi na sukari. Najua umekata tamaa kusikia hivyo, ulitaka kidonge.

Ngoja nikueleze kwa nini. Hata utumbo ukiwa umefunguliwa bomba na kipindupindu, kuna mlango mmoja ambao haujaharibika: mlango unaopokea sukari na chumvi zikiwa zimeshikana mikono. Zikiingia, maji yanafuata. Mwaka 1971 wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi walijaa Bangaon, upande wa India, na kipindupindu kikawavamia. Dripu ziliisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuwapa mchanganyiko huo kwa kunywa, huku ndugu zao ndio wakiwanywesha. Vifo vikashuka kutoka takriban 30 kwa kila wagonjwa 100 hadi chini ya 4. Lakini kule Goma, mashariki mwa Kongo, Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walikutwa na kipindupindu na kuhara damu kwa pamoja, maji safi hakuna, wahudumu hawatoshi, na watu wapatao 50,000 walikufa ndani ya mwezi mmoja.

Tumia paketi ya ORS, yaani ule mchanganyiko wa sukari na chumvi uliokwisha pimwa, na usome: nyingi ni za lita moja, zipo za nusu lita. Huna paketi, lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kufuta usawa. Chumvi ikizidi ni hatari, kwa hiyo onja: isizidi machozi. Mtoto chini ya miaka 2 apate robo hadi nusu kikombe kila baada ya choo. Mkubwa zaidi nusu hadi kimoja. Akitapika, subiri dakika 10, anza tena kwa kijiko. Mwongeze zinki siku 10 hadi 14, miligramu 20 kwa siku, au 10 akiwa chini ya miezi 6. Aendelee kunyonya na kula.

Mkimbize kituoni akiwa amelegea, macho yamebonyea, halii machozi, ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole, anatapika kila kitu, au choo kina damu. Mtu yeyote anayetoa choo cha maji ya mchele kwa mfululizo apelekwe sasa hivi, huku ananyweshwa njiani.

Na Flagyl? Kila duka linanipa.

Dawa hiyo ni nzuri kwa amiba na giardia, na kwa bakteria wasiopenda hewa. Haimgusi Shigella, wala Salmonella, wala E. coli. Ukipona siku ya tatu baada ya kuinywa, ungepona siku ya tatu hata bila kuinywa. Antibiotiki ina nafasi yake: kuhara damu, kipindupindu kikali, taifodi. Kwa yule E. coli wa figo inaweza hata kuzidisha madhara, kwani bakteria akipasuliwa anamwaga sumu yote.

Tunapootesha vimelea, tunaweka vidonge vidogo vya karatasi vyenye dawa juu ya sahani na kungoja usiku mmoja. Dawa inayofanya kazi inaacha duara tupu kukizunguka kidonge. Zamani niliona maduara mapana. Siku hizi nakuta sahani ambazo bakteria wameota mpaka ukingoni mwa kidonge, kama majani yanayozunguka nguzo. Huo ndio usugu, na nusu dozi zinazouzwa kwa kuhesabiwa mkononi zimechangia.

Nimepimwa nikaambiwa nina taifodi, malaria na UTI kwa pamoja. Inawezekana?

Kuwezekana inawezekana. Ila inavyotokea kila wiki kwa kila mtu, hapana.

Kipimo kinachoitwa Widal kina umri mkubwa, kilianza 1896. Ninachofanya ni hiki: naweka tone la majimaji ya damu yako kwenye kibao cheupe, naongeza tone la kitendanishi, natikisa kwa dakika moja hivi, kisha natazama kama vichembe vimeshikana kama maziwa yaliyokatika. Vikishikana naandika 1:80 au 1:160 (namba ya pili ikiwa kubwa, ina maana vimeshikana hata damu ikizimuliwa zaidi). Sijamwona bakteria hata mmoja. Nimeona tu kwamba mwili wako uliwahi kukutana naye, au na ndugu yake, labda mwaka juzi. Katika mji ambao kila mtu amekunywa maji ya kisima, nusu ya foleni itashikana.

Kituo kimoja nilichowahi kufanya kazi kilikuwa kinapima Widal kila aliyekuja na kichwa kinauma. Siku moja, kwa ubishi tu, nilijipima mwenyewe, mzima wa afya, nimeshiba: 1:160. Nilikaa nayo karatasi ile mfukoni muda mrefu.

Jibu la kuaminika ni kuotesha damu, kabla hujameza antibiotiki. Nalo lina mapungufu: linawakamata takriban 6 kati ya wagonjwa 10, na linachukua siku kadhaa. Lakini likisema ndiyo, ni ndiyo, na linakuambia dawa ipi itafanya kazi. Homa inayopanda ngazi siku baada ya siku, zaidi ya wiki, malaria ikiwa imepimwa na haipo, hiyo ni ya kushuku taifodi. Homa ya jana usiku, bado.

Vidonda vya tumbo ni mawazo na pilipili, au ni bakteria?

Vingi ni bakteria, Helicobacter pylori, aliyejenga kwenye tumbo la chakula lenyewe, kwenye asidi, mahali ambapo wataalamu walisema hakuna kiumbe anayeweza kuishi. Barry Marshall wa Australia, baada ya kuchoka kubishiwa, alikunywa kikombe cha bakteria hao mwaka 1984 na ndani ya siku chache tumbo lake likawa limevimba kwa ndani. Yeye na Robin Warren walipewa Nobel mwaka 2005. Chanzo kingine kikubwa ni dawa za maumivu kama diclofenac na aspirini. Pilipili inachoma palipo na kidonda, haikichimbi.

Ila wengi wenye H. pylori hawapati kidonda maishani. Na kipimo cha damu kinaweza kubaki "chanya" hata baada ya kupona. Omba cha choo au cha pumzi. Dozi ni mchanganyiko wa dawa kwa siku 14, na anayeacha siku ya tano anamfundisha bakteria.

Zipo chanjo?

Ya taifodi, aina mpya, ni sindano moja tu na hufaa kuanzia miezi 6. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza 2018. Pakistan ikaanza 2019, Malawi 2023, na Kenya ikaitoa kwa kampeni Julai 2025. Ya kipindupindu ni ya kunywa, hutolewa zaidi penye mlipuko au hatari. Shehia kadhaa za Unguja na Pemba ziliipata 2009. Zote mbili hazikuondolei haja ya sabuni.

Mpishi wetu wa shule alipona taifodi mwezi uliopita. Arudi jikoni?

Apimwe choo kwanza, zaidi ya mara moja. Watu wachache, kama 2 hadi 5 kwa kila 100, hubaki wamembeba bakteria kwenye mfuko wa nyongo bila kuumwa. Mary Mallon, mpishi wa New York, aligunduliwa mwaka 1907 akiwa mzima kama kigongo huku familia alizozipikia zikiugua moja baada ya nyingine. Walimweka karantini, wakamwachia 1910 kwa ahadi ya kutopika, akabadili jina na kurudi jikoni. Akazuiliwa tena 1915 mpaka kufa kwake 1938. Mimi humwonea huruma; hakuna aliyempa kazi nyingine ya mshahara uleule. Kwa hiyo kama mpishi wenu bado anatoa bakteria, mtafutieni kazi ya bustani akiendelea na matibabu, kwa mshahara wake.

Nileteje choo cha kupima?

Kiasi cha punje ya njegere kinatosha. Kama ni maji, kijiko kimoja. Kwenye kopo tulilokupa. Si kopo la siagi, si kiberiti, na si mfuko wa rambo uliofungwa mafundo matatu ambao mimi ndiye nitakayeufungua. Kisichanganyike na mkojo wala maji ya chooni. Penye damu au makamasi ndipo uchote. Kitufikie ndani ya saa moja, kabla hujaanza dawa. Andika jina lako kwenye kopo lenyewe, si kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana.